Mrija Wangu wa Pembeni

Kama umekaa kwenye benchi la zege nje ya kliniki ya kifua, mkononi umeshika kikopo cha plastiki cha kutemea makohozi, chenye kifuniko, na hujui kama ukifungue mbele ya watu au uende nyuma ya ukuta, nakuandikia wewe. Nenda nyuma ya ukuta. Huko kuna upepo, na wote waliokutangulia walikwenda huko. Mimi nilikaa pale asubuhi nzima nikijifanya nimemsindikiza mtu, hadi muuguzi aliponiita kwa jina langu lote na kuniuliza mbona kikopo bado kitupu.

Sitakueleza kifua kikuu ni nini. Watakueleza wao, na maelezo yao ni bora kuliko yangu. Nitakueleza yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu: namna mwili unavyobadilika huku unautazama, namna nyumba inavyobadilika huku inakutazama, na namna kungoja kunavyochosha kuliko kukimbia.

Nilikuwa mchezaji wa mpira wa kulipwa. Neno hilo "nilikuwa" nimelifuta na kulirudisha mara kadhaa, na sasa naliacha. Nimekulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi, katika familia ya Warundi iliyofika Malawi mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mpira nilijifunzia kwenye kiwanja chetu cha vumbi jekundu, ambako shuti likienda kombo huangukia matofali mabichi ya mtu, na mchezo husimama mpaka mwenye matofali amalize kututukana. Nilisoma stashahada ya ualimu hapohapo kambini, kwa masomo ya mbali, nikiamini, kama ninavyoamini hata leo, kwamba mkimbizi aliyepata elimu ana wajibu wa kuigawa. Lakini kilichonitoa kambini ni miguu. Klabu moja ya Lilongwe ilituma mtu kututazama, naye akanipenda kwa sababu moja tu: nilikuwa sichoki. Kocha aliniweka winga ya kulia, akaniambia, "Kazi yako ni kukimbia mpaka beki wao aombe maji."

Nikapata kibali cha kuishi mjini siku za juma, kitanda katika nyumba ya wachezaji, na viatu vya mpira ambavyo sikuwahi hata kuvishika dukani.

Viatu hivyo ndivyo vilivyoziba dirisha letu. Mwisho wa juma wa kwanza nilivileta nyumbani, na Papa, baba yangu, akaviweka dirishani ili wapita njia wavione. Kabla ya mapambazuko mkono uliingia ukavichukua. Papa alikuwa amekwisha kumtangazia kila mtu sokoni kwamba mwanawe anachezea Lilongwe. Asubuhi ileile alichanganya udongo, akaliziba dirisha kwa matofali hadi juu. Klabu ilinipa viatu vingine, lakini dirisha halikufunguliwa. Nyumba yetu ni vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia, na dirisha hilo ndilo lilikuwa la pekee. Hatukulifikiria tena.

Kikohozi kilianza majira ya baridi, wakati ambapo Lilongwe nzima hukohoa. Kocha aliniambia nivae sweta. Nikavaa. Kisha nikaanza kuamka shuka likiwa limelowa jasho, na jezi iliyokuwa ikinibana mabegani ikaanza kupepea. Nahodha wetu, Chisomo, Mmalawi mwenye mdomo usiopumzika, aliniangalia chumba cha kubadilishia nguo akasema kwa Kichewa chake, "Salva, m'bale, ndugu yangu, leo umeivaa jezi au jezi imekuvaa wewe?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kwisha.

Siku hiyohiyo mazoezini nilipewa pasi ndefu kwenye mstari, mpira wa aina niliyoipenda kuliko zote. Niliufuata hadi katikati ya njia, nikasimama, mikono magotini. Beki hakuomba maji. Niliyaomba mimi.

Kwenye benchi la kliniki ndipo nilipojifunza kwamba kungoja kuna tabaka. Unangoja kuitwa, kisha unangoja kikopo, kisha majibu, na ukishapata majibu unangoja kuyaelewa. Kando yangu alikaa mama mmoja aliyetoka Nathenje, amejifunga kitenge hadi puani. Alifungua kifurushi, akakata kiazi kitamu kilichopoa, akanipa nusu bila kuniangalia. "Idya," alisema. Kula. Hakuniuliza kabila wala kibali. Nilikula nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa na njaa. Alipoitwa, alitoka kwa mlango mwingine, nami sikumwona tena. Kama unaweza kubeba kiazi siku ya kliniki, beba, ukikate.

Majibu yalikuwa yale uliyokwisha kuyakisia. Kocha alikuja hadi lango la nyumba ya wachezaji, akasimama mbali kidogo.

"Dawa zinaisha lini?"

"Katikati ya mvua."

Alifikiri. "Maandalizi ya msimu mpya huanza mvua zikielekea kwisha. Uje. Nitakupa kipindi kimoja cha mechi ya mazoezi. Ukikimaliza kama winga, mkataba wako upo. Usipokimaliza, sitakudanganya."

Nilimshukuru, na hata sasa namshukuru, kwa kuwa alinipa kitu kinachopimika. Kipindi kimoja: dakika arobaini na tano za pumzi. Nilikaa kwenye minibasi ya Lumbadzi, njia ya kurudi kambini, nikiwa nimefunika mdomo, mfuko wa vidonge mapajani, nikijiambia kwamba nilichotakiwa kufanya ni kuvuka majira mawili.

Nyumbani tunasema Kiswahili chetu cha Maziwa Makuu, na maneno ya wazazi wangu nitayaacha kama yalivyotoka vinywani mwao.

Mama ndiye aliyekuwa msimamizi wa dawa. Kila asubuhi, kabla hajaenda kupanga sokoni usipa wake, dagaa wa ziwani, alisimama mbele yangu na kikombe cha maji.

"Meza. Fungua kinywa. Inua ulimi, mi nataka kuona."

"Mama, mi si mutoto."

"Mutoto njo anakunywaka dawa muzuri. We ni mwanaume. Banaume banadanganyaka."

Mkojo wangu ukawa na rangi ya soda ya chungwa. Nakuambia mapema ili usifikiri, kama nilivyofikiri mimi, kwamba damu inakuhama. Magoti yakauma kama ya mzee. Vidonge juu ya tumbo tupu vilinigeuza utumbo, na siku ambazo mgao wa chakula ulikuwa umechelewa Mama alininyima heshima zote: alinilisha uji kwa kijiko mwenyewe, ananisukumia, "Maliza, mupira haichezwe na mifupa." Paja langu, ambalo mkandaji misuli wa klabu alikuwa akilipiga kofi kwa furaha, sasa niliweza kulizungushia viganja viwili.

Hayo ya mwili niliyavumilia. Kilichonichosha kilikuwa Jumapili.

Kwetu, baada ya misa, mtungi wa pombe ya mtama huwekwa uani, na watu huketi kuuzunguka, kila mmoja akivuta kwa zamu. Mrija hupita mkono kwa mkono. Kumpa mtu mrija uliotoka kinywani mwako ni kumwambia kwamba huna sumu kwake, naye hana kwako. Watu waliokosana hupatanishwa hivyo. Mgeni hukaribishwa hivyo. Tumepoteza mashamba, makaburi na baadhi ya majina ya vijiji, lakini mtungi umesafiri nasi.

Jumapili ya kwanza tangu nirudi, Papa alinikatia mrija wangu mwenyewe. Akanipa kibuyu kidogo cha thobwa, kinywaji kitamu cha Wamalawi kisicholevya, kwa kuwa pombe nilikatazwa na kliniki. Akaweka kigoda changu kwenye ukuta, mbali na duara.

"Si kukutenga, mwanangu," alisema. "Njo kukuchunga, na kuchunga bengine."

Sahani yangu nayo ilifungwa uzi mwekundu, kijiko changu kikachemshwa peke yake. Nami nilijua, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa wazi kliniki, kwamba ugonjwa huu hauishi kwenye mrija wala kijiko bali hewani, katika chumba kisichopumua. Tuliosha vijiko kama vyombo vya altare, kisha jioni tukafunga mlango na kulala sote, mimi, wazazi na wadogo zangu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha.

"Papa," nilimwambia, "munganga alisema iko mu hewa. Tufungue dirisha."

"Dirisha? Ile yenye iliiba viatu yako?"

"Viatu ya sasa nitaificha. Bataiba nini?"

"Bataiba na hii kidogo yenye inabakia." Alikuwa akichonga mpini wa jembe, hakuinua macho. "We unasomaka vitabu, Salva. Mi nasomaka bantu."

Nilijibu vibaya, kwa lugha ya darasani, juu ya ujinga na wajibu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaendelea kuchonga. Hatukusemeshana juma zima, katika nyumba ambayo mtu hawezi kugeuka bila kumgusa mwenzake. Nililala barazani baridi ile ikinichoma, ili nisiwapumulie, na Mama alitoka kila mara kunifunika, akarudi ndani.

Ndipo Mama naye akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha kuomba radhi. Alikohoa akipepeta maharage, akakohoa tena, akaniangalia haraka kuona kama nimesikia. Papa alikuwa amesikia. Alisimama. Aliingia ndani, akatoka na jembe lenye mpini mpya, akaenda upande wa nyuma wa nyumba, na tukasikia pigo la kwanza kwenye matofali.

"Papa Salva, unafanya nini?" Mama alipiga kelele. "Tungoje kwanza majibu!"

"Majibu itanikuta nimemaliza."

Alipiga mchana kutwa. Udongo aliouweka kwa ajili ya viatu vyangu ulikuwa umekuwa mgumu kama mwamba, na yeye si kijana. Nilipojaribu kushika jembe nikaishiwa pumzi kwa pigo la pili, akaninyang'anya. Jua lilipoingia ndani ya chumba kile mara ya kwanza baada ya muda mrefu, tuliona vumbi likielea kila mahali, na sote tukasimama kulitazama kama wageni nyumbani kwetu.

Mama alipimwa. Tuliketi naye kwenye benchi la kliniki ya kambi, Papa upande mmoja, mimi upande mwingine, sasa mimi ndiye niliyemwambia aende nyuma ya ukuta. Alikuwa salama. Moshi wa kukaanga usipa, walisema. Wadogo zangu nao walikuwa salama. Papa alivua kofia yake, akaishika, akaivaa tena.

Nilidhani baada ya hapo kigoda changu kingerudi kwenye duara. Hakikurudi. Hata kipimo cha miezi miwili kiliponionyesha safi, mtungi ulipowekwa, kibuyu changu kilikuwa palepale ukutani. Usishangae jambo hili likikupata. Hofu hutoka katika nyumba polepole kuliko vijidudu, na wanaokupenda ndio huishika kwa muda mrefu zaidi.

Joto lilipoanza, Jumapili moja pikipiki ya kabaza, ile ya kubeba abiria, ilisimama mbele ya ua wetu ikitimua vumbi, na juu yake alikuwa Chisomo na mfuko wa machungwa.

"M'bale!" alipaza sauti. "Nimeuliza Salva, wamenionyesha wanne. Kambi hii ina Salva wangapi?"

Papa aliinuka kumpokea nahodha wa mwanawe kwa mikono miwili. Akamkalisha penye heshima, akavuta mrija wa mtungi, akaonja, kisha akampa. Chisomo hakujua maana yake, lakini ana adabu. Alivuta kwa nguvu. Uso wake ukajikunja kama mtu aliyepigwa mpira wa tumbo. Wazee wakacheka hadi kupigana mapaja. Alimeza kwa ushujaa, akawaambia wote "Zikomo," asanteni, akainuka akaja kukaa chini kando yangu. Akaona kibuyu.

"Na hii ni nini?"

"Thobwa. Lakini hiyo ni ya…"

Alikuwa amekwisha kuweka mdomo kwenye mrija wangu.

"Thobwa!" alisema, macho yamemtoka kwa furaha. "Unakaa huku pembeni unajificha na thobwa, mimi unaniacha ninywe ule moto?" Akavuta tena.

Jirani yetu mzee Nestori alishika kichwa. "Yesu Maria! Papa Salva, ona, muchezaji anakunywa ya mugonjwa!"

Chisomo aliuliza kilichosemwa. Nikamtafsiria, kwa kuwa sikuona njia nyingine. Alitazama mtungi, akatazama duara la watu, akatazama kigoda changu na ukuta, na nikaona anaelewa.

"Tulikunywa dumu moja la maji msimu mzima," alisema taratibu. "Ulipoumwa tulipimwa timu nzima, hakuna aliyekutwa nao. Leo umepona nusu, ndipo niuogope mrija?" Akavuta hadi kibuyu kikatoa ule mlio wa kwisha. "Mwambie mama yako aongeze."

Nilitafsiri. Mama aliongeza. Papa alikuwa ameelekeza macho kwenye tundu la dirisha, kana kwamba kuna mtu anayepita kule.

Jumapili iliyofuata kibuyu changu kilikuwepo bado, na mrija wangu bado ulikuwa peke yake. Lakini kigoda kilikuwa kimesogezwa mbele kidogo. Hakuna aliyesema nani alikisogeza.

Mvua zilikuja. Njaa nayo ilinijia, njaa nzuri, ya mtu anayejengwa upya. Nilikula nsima, ugali wa Wamalawi, hadi Mama akaanza kunitania kuwa afadhali nilipokuwa mgonjwa. Nilitembea, kisha nikakimbia pole kuzunguka kiwanja, matope yakinishika miguu. Papa alisimama pembeni na mwavuli uliovunjika ubavu, akijifanya anaangalia mahindi ya watu. Siku ya kidonge cha mwisho Mama alinikagua ulimi kwa mara ya mwisho, akaosha kikombe, akakiweka pamoja na vingine. Uzi mwekundu ulikuwa umekatika siku nyingi.

Nilikwenda Lilongwe na viatu mkobani.

Kiwanja kilikuwa kimelowa. Kocha alitimiza neno lake: winga ya kulia, kipindi cha kwanza. Chisomo alinipa mpira mapema, nikampita beki wangu kama zamani, na kwa muda wa krosi ile moja sikuwa nimeumwa kamwe. Nataka ujue kwamba niliipata. Mara ya pili nilimpita nikiwa nimeuma meno. Mara ya tatu kifua kilibana kama mlango uliovimba kwa mvua. Ukiusukuma unafunguka kidogo tu. Nilijikuta nimesimama, mikono magotini, mpira ukiendelea bila mimi. Sikutoka. Dakika zilizobaki nilizimaliza nikitembea, nikirudi nafasi yangu, nikinyoosha mkono kuomba pasi ambazo Chisomo, kwa huruma, alizipeleka upande mwingine.

Filimbi ilipolia, kocha alinijia na taulo.

"Nimekimaliza," nikamwambia. "Lakini si kama winga."

Alinishika bega. "Si kama winga," alisema. Hakunidanganya.

Daktari alinieleza baadaye kwamba pafu moja limebaki na kovu. Usiisome sentensi hiyo kama hukumu yako. Wapo walioanza dawa mapema kuliko mimi na wamerudi na pumzi zao zote. Ndiyo maana nakusihi usikae benchini ukijifanya umemsindikiza mtu. Mimi sasa nafundisha hapa Dzaleka. Jioni za mapumziko huingia kipindi cha pili katika timu ya kambi, beki wa kati, nikiwaelekeza wengine pa kukimbilia. Nimechoka bado, uchovu wa mtu aliyebeba kitu mbali akakitua mahali ambapo hakupakusudia. Naishi nao. Usikubali mtu akuambie kwamba kupona ni kurudi ulivyokuwa.

Baada ya mechi ile ya Lilongwe nilifika nyumbani Jumamosi, nikauacha mkoba wa viatu barazani, nikalala chini ya dirisha lililo wazi ambalo Papa alikuwa amelitengenezea mbao za kufunga na kufungua. Hakuniuliza. Kesho yake, baada ya misa, nilitoka uani nikatafuta kibuyu changu ukutani. Hakikuwepo. Nikatafuta kigoda. Kilikuwa kwenye duara, kati ya Papa na mzee Nestori.

Nikaketi. Papa alivuta kwanza, kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. Kisha akapangusa mrija kwa kidole, si kwa kuusafisha, kwa mazoea tu, akanielekezea.

"Sikufaulu, Papa," nilisema.

"Nilijua tangu jana. Ulilala bila kuangalia viatu yako kama iko." Mrija ulikuwa bado mbele yangu. "Vuta, mwanangu. Polepole. Hapa hakuna mwenye anapiga filimbi."

Pombe ya mtama ni nzito, hutaka kifua. Niliinama, nikavuta. Ilipanda taratibu, ikasita katikati, nikaongeza kidogo, ikanifika mdomoni, chachu na ya uvuguvugu. Pumzi ilinitosha. Nikampa mrija mzee Nestori, naye akaupokea.